Siku Tatu za Mama Kirit

Mimi ni mwoga, na naona niseme mapema ili nisije nikadaiwa ushujaa huko mbele. Naogopa mbwa. Naogopa bahasha za serikali zenye kidirisha. Naogopa lifti ya jengo letu la Rinkeby, pembezoni mwa Stockholm, ambayo husimama ghafla kati ya ghorofa kama mtu aliyesahau alichokifuata. Lakini simu sikuwahi kuiogopa mpaka Julai ya mwaka 2008, wiki ambayo Mama Kirit alikuwa akifunga mizigo ya hija.

Nilikuwa nahudumia wazee majumbani, upande wa Hässelby. Asubuhi unapewa orodha na funguo, unaanza kuzunguka: huyu umwogeshe, huyu umpe dawa, huyu umpashie chakula huku ukisikiliza habari za paka wake aliyekufa mwaka juzi. Jina la nne kwenye orodha yangu lilikuwa Manjula Raichura, miaka sabini na minne. Siku ya kwanza nilimwamkia Kiswidi. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "We mtoto, kwenu wapi?"

"Bukoba, mama."

"Basi meli ilikushusha kwetu. Mimi wa Mwanza. Ingia, vua viatu, na hiyo supu ya serikali usiniwekee mezani."

Alizaliwa Mwanza, katika familia ya Wahindi, kwenye duka la vitambaa la baba yake karibu na soko kuu. Miaka ya sabini mumewe, fundi wa mitambo, aliletwa Sweden kwa mafunzo, na mafunzo yakageuka maisha. Mume alishafariki. Mwana wao wa pekee, Kirit, alikuwa dereva wa lori huko Norrköping. Ofisini kwetu walimwita Manjula, kavu hivyo hivyo, kama waliosoma naye darasa moja. Mimi nilishindwa, nikamwita Mama Kirit kama ambavyo angeitwa nyumbani. Mkono wa kushoto alivaa bangili nne za dhahabu, na ya tano ya plastiki yenye kitufe chekundu, ya kuitia msaada akianguka. Hiyo ya tano aliiita bangili ya serikali, na kila nilipomkumbusha asiivue alinijibu kwamba ni hiyo tu ambayo mwizi hataitaka.

Mwanza alimwacha kaka yake, Jayanti. Mama yao alikufa mapema, na Jayanti ndiye aliyemlea, akamsuka nywele mwenyewe kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Sasa figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Mwezi wa tano, alipolazwa mara ya pili, Mama Kirit aliweka nadhiri: angeyazuru mahekalu manne kwa gari, siku tano, kumwombea kaka yake. Alhamisi asubuhi hekalu dogo la hapa hapa Stockholm, kisha Mariestad. Ijumaa Göteborg, meli ya kuvuka kwenda Denmark. Jumamosi hekalu la Wahindu wa Kitamili huko Jutland, ambako mara moja kwa mwaka mungu wao wa kike hutolewa nje akiwa juu ya gari kubwa la mbao, na watu hulivuta kwa kamba. Jumapili Copenhagen, Jumatatu kuvuka daraja na kurudi nyumbani. Yote yalikuwa kwa ajili ya hiyo Jumamosi.

"Nikiishika kamba ile, hata kwa vidole viwili," aliniambia, "Jayanti ataifikia Diwali."

"Lakini wewe si Mtamili, Mama Kirit."

"Mungu ni yule yule. Mapishi tu tofauti."

Kirit angeendesha, na mimi ningekwenda kumsaidia mama yake kuoga na kupanda ngazi. Nilichukua likizo yangu mwenyewe kwa kazi hiyo, na ofisini sikusema, maana kanuni zetu hazipendi urafiki na wateja. Nilimkumbusha kwamba mimi ni Mlutheri, naimba kwaya, sauti ya pili.

"Kwani nimekwambia uabudu? Utashika viatu."

Mipango aliiandika kwenye daftari la mraba mraba. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa mungu: nazi saba, tambi za pamba za taa, samli, ubani, kitambaa chekundu. Wa kulia ulikuwa wa mwili: dawa za presha, soksi nene, mto wa mgongo, chapati za majani ya uwatu, achari. Ramani ya barabara aliitandaza juu ya meza ya kulia na kuizungushia duara jekundu kila kituo cha mafuta chenye choo. Safari nzima ya kiroho ilikuwa inatoka choo hadi choo, nikamtania hivyo, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Kwa kweli nilikuwa na furaha. Miaka saba Sweden, nilikuwa sijavuka hata Södertälje hapo jirani.

Jumatatu, siku tatu kabla ya kuondoka, Mama Kirit alikuwa bafuni akimalizia kuoga nami nikikunja taulo, simu ya korido ikalia.

"Pokea!" akapaza sauti.

Nilipokea. Namba ilikuwa ya nyumbani Tanzania, na sauti ilikuwa ya mwanamume anayejikaza.

"Hapo ni kwa Mama Kirit? Mimi Humphrey, wa dukani kwa Mzee Jayanti. Wewe nani?"

"Agripina. Namhudumia mama."

"Dada Agripina. Mzee ametutoka. Alfajiri ya leo. Usimwambie hivi hivi tu, tafadhali. Mtafutie watu wake kwanza."

"Ndiyo, kaka. Najua. Poleni."

Niliweka simu chini. Kutoka bafuni: "Nani?"

"Wamekosea namba."

"Wamekosea kwa Kiswahili?"

Mungu ananijua, uongo wangu huja haraka lakini huja bila viatu. "Ni Ahmed, yule wa duka la Tensta. Nilimwachia namba ya hapa. Anasema unga wa dengu umefika."

"Basi niletee kilo mbili," akasema, na maji yakaendelea kumwagika. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu siku hiyo ilifika mpaka Tensta, maana baada ya kazi ilibidi nikanunue huo unga.

Naomba nieleweke hapa. Kwetu mtu haambiwi msiba peke yake, na haambiwi kwa simu. Mama yangu alipofariki, mwaka wangu wa kwanza Sweden, walikuja watu wanane mlangoni kwangu Rinkeby, Wakongomani na Watanzania, wengine siwajui majina. Kabla hawajafungua mdomo nilishajua. Lakini nilipoanguka, niliangukia mikono ya watu. Sasa nimwambie huyu mama, yuko na taulo, mvuke mwilini, na mtu pekee wa kumdaka ni mimi niliyebakiwa na dakika ishirini kabla ya mteja wa tano? Nisingeweza. Sikuona hata kama kuna la kufikiria.

Nilimpigia Kirit nikiwa kwenye ngazi. Nikasikia injini ya lori nyuma yake.

"Mjomba Jayanti," akasema. Halafu, "Agripina, mimi nimekulia huku, hizi mambo sijui. Nyinyi mnafanyaje?"

"Tunangoja watu wafike. Wewe ni mtu wake. Njoo, tutamwambia pamoja."

"Zamu yangu inaisha Jumatano mchana. Jumatano jioni niko hapo na gari. Utaweza kukaa naye mpaka hapo bila kusema?"

Nikasema nitaweza. Ndipo nikakumbuka simu. Humphrey alikuwa mtu mwenye adabu, lakini ukoo wao umejaa Leicester na Nairobi, na si wote wangeuliza kwanza ni nani aliyepokea. Zamani tulizuia habari kwa kumweka mtu ndani na kumzungushia ndugu. Hapa kulikuwa na waya. Nilirudi nikisingizia nimesahau mwavuli, nikainama kwenye kikabati cha viatu, nikachomoa waya ukutani na kuusukuma nyuma ya mabuti. Kijitaa cha kijani pale mezani kikazimika. Nilisikia nafuu mwili mzima, nikamuaga Mama Kirit kwa sauti ya furaha.

Jumanne nilifika nikamkuta amekaa mbele ya daftari, miwani puani.

"Simu imekufa," akasema.

Nilidondosha funguo.

"Tangu jana jioni. Nilitaka nimpigie Jayanti anibariki safari. Nipigie kwa ya kwako."

"Salio limekwisha, mama."

Aliniangalia juu ya miwani. "Wewe? Unayeongea na dada yako dakika arobaini ukikausha vyombo vyangu?"

"Ndilo lililomaliza salio."

Akacheka, akaniachia. Mimi nilikwenda kusimama bafuni, nikafungua bomba ili asisikie ninavyohema. Niliporudi alikuwa ametoa picha ndogo ya pasipoti kutoka kwenye pochi: mzee mwembamba, shati limefungwa hadi shingoni, masikio makubwa. Alisema Jumamosi ataishika picha ile kwenye kiganja, katikati ya mkono wake na kamba, ili Jayanti mwenyewe avute. Alinitaka nimshike kiuno asije akasukumwa na watu. Niliitikia. Alinifanya nikunje naye kitambaa chekundu, nikanusa ubani kwenye vidole vyangu, na nikawa nawaza: tunafungia mizigo mtu aliyekwisha kuondoka.

Nikauliza, kwa kupoteza muda tu, ni nani haruhusiwi kuingia hekaluni. Nilifikiria mimi na kwaya yangu.

"Anayevaa ngozi ya ng'ombe," akasema. "Aliyekunywa. Na mwenye msiba. Mwenye msiba haingii mpaka siku zake ziishe."

Kalamu yangu ilisimama palepale nilipokuwa nikimnakilia orodha, kwenye nazi saba. "Hata kama hajui ana msiba?"

"Swali gani hilo? Andika ubani."

Sikuuliza siku zenyewe ni ngapi. Kwetu ni arobaini, na kichwani mwangu msiba wote duniani ni arobaini. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga: tukimwambia Jumatano, safari imekufa, gari la mbao limepita, na hajui kama mwakani atakuwepo kulivuta. Tusipomwambia, tunamwingiza mtu mwenye msiba mbele ya mungu wake, naye anaomba uhai wa marehemu huku mimi nimemshika kiuno. Mungu wangu nimemzoea, najua akikasirika huanzia wapi. Wa mtu mwingine humjui hata anapokaa. Siku ile niliogopa mpaka nikaacha chumvi kwenye dengu lake, naye akala bila kusema neno, na hilo likaniogopesha zaidi.

Jioni nilimwandikia Kirit ujumbe: labda tungoje mpaka turudi. Akajibu: unavyoona wewe. Nililala na hilo jibu. Alikuwa ameniachia mzigo wote, na mimi ndiye niliyeuomba.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi nilifungua mlango na kuita hodi kama kawaida. Jikoni hakukuwa na harufu ya chai. Nikaita tena. Kisha nikasikia kitu kinagonga, tik, tik, polepole, chuma kwenye vigae.

Alikuwa chini bafuni, kaanguka ubavu, mguu mmoja umegeuka upande ambao mguu haugeukii. Sari ya pamba ilikuwa imelowa. Alikuwa anagonga sakafu kwa bangili zake. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Umechelewa," akasema.

"Mama Kirit! Tangu saa ngapi?"

"Saa kumi. Niliamka nioge mapema, nizoee saa za safari." Akaunyanyua mkono wa kushoto kidogo. "Hii ya serikali nimeibonyeza. Nimeibonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi. Hakuna aliyekuja. Hakuna hata aliyeuliza."

Nilimfunika kwa blanketi, nikaita gari la wagonjwa kwa simu yangu, ile isiyo na salio. Aliiona. Nikakimbilia koridoni kumchukulia koti, na hapo ndipo macho yangu yalipotua kwenye kisanduku cheupe kilichokaa chini ya simu. Kisanduku kinachopokea kile kitufe chekundu na kupiga kituo cha msaada. Nimewafundisha wafanyakazi wageni zaidi ya kumi jinsi ya kukijaribu kila mwezi. Nimewaambia kwa mdomo wangu: kinapita kwenye waya wa simu, bila waya hiki ni boksi tupu. Kijitaa cha kijani nilichozima Jumatatu nikashangilia kilikuwa chake.

Sijui nilisimama muda gani. Muda wa saa tatu na nusu. Mwanamke wa miaka sabini na minne, juu ya vigae, akiita, na wanaoitwa na kitufe kile ni sisi wahudumu, na mimi nilikuwa nimemkata ulimi.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu kuliko lile la kwanza. La kwanza nililifanya kwa huruma. Nilipiga magoti, nikauvuta waya nyuma ya mabuti, nikauchomeka ukutani. Taa ikawaka kijani. Nikarudi bafuni na koti, nikamshika mkono, nikaomba kwa Kihaya.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja wawili, wapole. Walipokwisha kumfunga kwenye machela, mmoja wao akauona ule mkono na kuuliza kama kengele inafanya kazi. Kabla sijajibu akakibonyeza kitufe. Sekunde mbili. Tatu. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka koridoni, safi kabisa, ikisema kwa Kiswidi, "Habari za asubuhi, Manjula, nikusaidie nini?"

Mama Kirit aligeuza kichwa kwenye machela, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu, kama anavyohesabu nazi.

"Sasa kinaongea," akasema kwa Kiswahili.

Hospitali walisema nyonga imevunjika, watampasua kesho asubuhi. Kirit aliiacha zamu na kufika saa nane, bado na koti la kazini. Tulisimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Dawa za maumivu zilikuwa zimemlegeza uso lakini macho yalikuwa wazi. Nikaona: haya, watu wake wamefika. Ndio hawa, wawili. Kama ni mikono, ipo minne.

"Mama Kirit," nikasema, "nina habari, na nina kosa. Nianze na lipi?"

"Habari naijua sura yake," akasema. "Jayanti?"

Kirit akaanza kulia kabla yangu. Nikamwambia: Jumatatu alfajiri, Humphrey alipiga, ukiwa unaoga. Nikamwambia si Ahmed aliyepiga, na unga niliununua ili kufunika uongo. Nikamwambia niliuchomoa waya ili asisikie akiwa peke yake, na kwamba waya ule ulikuwa ndio wa kengele, na kwamba asubuhi ile niliurudisha nikijua. Nilisema yote bila kupumua, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimefika pale pa kuumbuliwa.

Alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuna aliyethubutu kumfuta. Kisha aliuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Ulikuwa peke yako, mama. Halafu Jumanne ukasema mwenye msiba haingii. Nikajua safari imekufa."

"Ulijua." Akafumbua macho. "Nani alikwambia siku ni ngapi? Mimi ni binti aliyeolewa. Niliacha ukoo wa baba yangu siku nilipovaa hizi bangili. Kwetu sisi, dada aliyeolewa akifiwa na kaka hukaa siku tatu tu. Tatu, tangu siku aliyosikia." Akaunyanyua mkono wenye sindano, akahesabu kwa kidole gumba juu ya vifundo. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Kesho alfajiri ningeoga, na saa mbili tungekuwa barabarani."

Nilishika chuma cha kitanda.

"Lakini ulikuwa unakwenda kumwombea apone," nikasema, kama mtu anayejitetea kwa kijiti.

"Nisingemwombea apone. Ningemwombea njia. Hizi ndizo siku anazotembea, Agripina. Sasa ndiyo anahitaji mtu wa kumvutia kamba, kuliko alipokuwa hai. Alinisuka nywele miaka tisa. Mimi nilikuwa na kamba moja tu ya kumvutia."

Nikapiga magoti palepale. Hakuniambia niinuke. Alimgeukia mwanawe.

"Kirit. Wewe ulisikia lini?"

"Jumatatu, mama. Agripina alinipigia."

"Mtoto wa dada naye ni siku tatu. Zako zinaisha leo. Mimi nimesikia leo, zangu ndiyo kwanza zinaanza." Akapumua. "Nikishatoka kupasuliwa, uondoke. Mariestad na Göteborg ziache. Nyoosha mpaka kule, Jumamosi uwe pale. Picha iko kwenye pochi. Na wewe," akaniambia bila kunitazama, "toka."

Nilitoka. Jioni ile ile nilimpigia msimamizi wangu nikamweleza kila kitu. Akaniambia nije nijaze fomu na nirudishe funguo mpaka uchunguzi uishe. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika nani alisababisha hatari. Niliandika jina langu. Niliogopa kazi, niliogopa nyumba, niliogopa zile bahasha za kidirisha. Lakini uoga mwingine ulikuwa mkubwa zaidi, nao ulinirudisha hospitali Alhamisi asubuhi. Walimpasua, akaamka salama. Kirit alimbusu kwenye paji la uso, akaondoka na gari, na viti vyetu viwili vitupu, na nazi saba.

Mimi nilikaa koridoni. Sikuwa mfanyakazi wala ndugu, na wauguzi waliponiuliza mimi ni nani nilisema nangoja. Alhamisi hakuniita. Ijumaa asubuhi hakuniita. Kila simu ilipolia kwenye meza ya wauguzi, niligeuza kichwa. Nilikuwa nimezoea kuiogopa simu, na sasa niliogopa isipolia.

Ijumaa saa kumi jioni muuguzi alitoka, akaniuliza kama mimi ndiye Agripina.

Mama Kirit alikuwa ameegemezwa mito. Hakunikaribisha kukaa. "Kesho siku zangu zitakuwa zimeisha," akasema. "Lazima nioshwe kichwa. Hawa hawajui nywele zangu, jana wamenichana kama wanalima. Njoo na mafuta ya nazi. Na uje mapema."

Nilikuja saa kumi na mbili. Nilimwosha kitandani, beseni chini ya shingo, mguu wake nikiukwepa kama kitu cha kioo. Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe, ndefu kuliko nilivyodhani. Nilimsuka msuko mmoja. Alipitisha mkono juu ya msuko mara mbili, kutoka juu hadi mwisho.

Saa tano na robo simu yangu iliita mfukoni. Mikono yangu iliogopa kwa mazoea. Jina la Kirit lilikuwa kwenye kioo, na kwa sekunde moja, Mungu anisamehe, nilitaka kupokea mimi kwanza, nisikie kama ni habari njema ndipo nimpe. Sikupokea. Nilimwekea sikioni ikiwa bado inaita, nikabonyeza.

Hata mimi nilisikia. Ngoma, tarumbeta kali kama za harusi, watu wanapiga kelele kwa pamoja, na sauti ya Kirit ikitweta, "Mama, nimeishika. Mama, inakwenda."

Mkono wa kushoto wa Mama Kirit, wenye bangili nne tu siku hiyo, ulipapasa juu ya shuka mpaka ukanikuta kwenye kifundo cha mkono. Akanikamata, akaanza kuvuta, polepole, kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Mguu wake haukutakiwa kusogea, kwa hiyo nilisogea mimi.